Jirani ameweka notisi ya kubadilisha matumizi ya ploti: mwongozo kamili wa kupinga ndani ya siku 14

Maswali yanayoingia ni yale yale. Jirani anajenga ghorofa nane, maji taka yanafurika, tulilalamika sana lakini hakuna aliyetusikia. Ukiuliza mlilalamika wapi, unaambiwa kwa grupu ya WhatsApp, kwa chifu, ama tuliongea na fundi mkuu pale saiti. Hapo kisheria hakuna aliyelalamika, manake kaunti haina karatasi yoyote yenye jina lako.

Sheria inayosimamia mambo haya hapa Kenya ni ile ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019, sheria nambari 13. Kifungu cha 58 kinamtaka anayeomba ruhusa ya ujenzi ama ya kubadilisha matumizi ajulishe umma, na hiyo notisi ni lazima iwaalike watu watoe pingamizi. Kwa hivyo lile bango la notisi kwenye geti la jirani halisemi mambo yameshaamuliwa. Linakuuliza wewe unasema nini, na linakupa siku 14 za kujibu kwa maandishi. Watu wengi wanapoteza haki yao hapo, wanaona bango wanadhani kaunti ishapitisha.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Simu yenye kamera, na tarehe na saa ya simu ziwe sawa
- Kitambulisho chako
- Kitu kinachoonyesha unaishi ama unamiliki hapo: kopi ya hati, mkataba wa upangaji, ama bili ya maji au stima
- Futi kamba ndefu ya kupima barabara
- Karatasi za kuchapisha barua kopi tatu
- Daftari dogo la kuandika ulienda lini, ukaongea na nani, akasema nini

Mpangaji pia anaweza kupinga. Sheria inazungumzia umma, haijasema wenye hati peke yao, kwa hivyo usikubali kuambiwa wewe ni wa kulipa rent tu.

## Hatua ya 1: Piga picha siku hiyo hiyo

Ukiona bango piga picha mbili. Moja ya karibu, maneno yote yasomeke mpaka mstari wa mwisho. Ya pili rudi nyuma upige geti lote na barabara ionekane, ndio mtu akiangalia ajue bango lilikuwa wapi.

Sababu ni kwamba mabango haya yanapotea. Mvua inanyesha, karatasi inachanika, ama mtu analitoa usiku, na bila picha huna tarehe, huna nambari ya ploti, huna kitu. Na hata kama umekasirika vipi usilitoe wewe, manake ukilitoa umewanyima majirani wengine nafasi ya kusoma na umempa mwenye ploti hoja ya bure dhidi yako.

Kuna wakati bango limewekwa ndani ya ua, ama juu ya mti nyuma ya majani, ama limeandikwa herufi ndogo huwezi kusoma ukiwa barabarani. Piga picha hiyo pia, kutoka pale mtu wa kawaida anapita. Umma kutojulishwa vizuri ni sababu nzito ya pingamizi peke yake, hata kabla hujafika kwa mambo ya maji taka.

Umefaulu hapa ikiwa mtu ambaye hajawahi kufika mtaa wenu anaweza kuangalia picha zako akajua ploti ni gani, notisi inasema nini na ilikuwa na tarehe gani.

## Hatua ya 2: Soma mstari kwa mstari

Notisi nyingi ziko kwa Kiingereza na zimeandikwa kwa lugha ya ofisi, lakini vitu vya kutafuta ni vichache.

Kichwa. Ikiandikwa Change of User, matumizi yanabadilika kabisa, mfano nyumba ya familia moja iwe fleti. Ikiwa Extension of User, matumizi ya zamani yanabaki na mengine yanaongezwa juu yake, kama nyumba ya kuishi inayoongezwa shule ya watoto. Subdivision ni kukata ploti vipande. Usiandike barua ya kupinga fleti kumbe mtu anakata ploti tu agawie watoto wake.

Nambari ya ploti. Inaanza na L.R. No. ama jina la eneo na bloku. Iandike vile ilivyo, na mikwaju yake yote. Nambari ikikosewa tarakimu moja barua yako inaenda kwa faili la mtu mwingine na huko hakuna atakayeitafuta.

Kutoka nini kwenda nini. Hii ndio roho ya notisi. Kama imesema fleti bila kusema ghorofa ngapi, hilo ni swali lako la kwanza kwa barua.

Jina la mpangaji miji. Maombi haya huandaliwa na mpangaji miji aliyesajiliwa, na mara nyingi jina lake ama la kampuni yake liko chini ya notisi pamoja na namba ya simu.

Anwani ya kupeleka pingamizi. Kwa kawaida ni waziri wa kaunti anayesimamia ardhi na mipango. Andika cheo vile kimeandikwa kwa notisi, usiandike tu kwa gavana ukidhani itafika.

## Hatua ya 3: Hesabu siku

Siku ya notisi yenyewe haihesabiwi. Notisi ikiwa na tarehe 3 Machi unaanza kuhesabu tarehe 4, na siku ya 14 ni tarehe 17.

Jumamosi na Jumapili zimo ndani ya hizo 14, na ofisi zinafungwa, kwa hivyo siku za kazi ulizo nazo ni kama kumi, na zikiingia sikukuu zinapungua zaidi. Mimi nasema jipe siku 10 barua iwe imeshafika, hizo zingine nne ni za dharura.

Angalia pia gazeti. Notisi ya gazeti na ya getini zinaweza kuwa na tarehe tofauti, na zikitofautiana fuata ile ya mapema, usibishane na ofisi kuhusu ni gani inahesabika wakati ungeweza kuwa umeshapeleka barua.

Na kama umechelewa? Andika tu. Sema ulijua lini na kwa nini, ambatisha picha ya bango lililofichwa kama ndivyo ilivyokuwa. Hawalazimiki kukusikiliza, lakini barua iliyochelewa bado ni karatasi ndani ya faili, na itakusaidia kwa rufaa.

## Hatua ya 4: Uliza maombi yanasema nini hasa

Kabla hujaandika chochote nenda ofisi ya mipango ya kaunti na nambari ya ploti, uombe kuona ripoti ya mpangaji miji na michoro. Kama simu ya huyo mpangaji miji iko kwa notisi mpigie, kwa heshima, mwambie wewe ni jirani na ungependa kujua ni ghorofa ngapi, nyumba ngapi, pakingi ngapi, maji taka yanaenda wapi.

Watu wanaruka hatua hii wakiona ni kama kuongea na adui. Lakini wengine wakipiga hiyo simu wanagundua kinachojengwa si walichofikiria, wanapumzika. Na wale ambao bado wana wasiwasi wanarudi na namba za kweli, na barua yenye namba ina nguvu kuliko barua yenye hasira.

Ukikataliwa kuona faili, andika kwa daftari tarehe na cheo cha aliyekukatalia, halafu uandike ombi la habari. Kifungu cha 35 cha Katiba kinakupa haki hiyo, na sheria ya kupata habari ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu. Siku 21 ni nyingi kuliko 14 zako, kwa hivyo usingoje jibu ndio uandike pingamizi. Peleka zote mbili pamoja.

## Hatua ya 5: Andika barua yenye sababu za mipango

Hii ndio hatua inayoangusha watu wengi, kwa hivyo tukae hapa kidogo.

Kifungu cha 61 cha ile sheria ya mipango ya 2019 kinamtaka waziri wa kaunti, anapoamua maombi, aangalie kama yanafuata mpango wa eneo, aangalie huduma za jamii na athari kwa mazingira, na azingatie maoni ya umma na ya ofisi zingine husika. Barua yako inafaa kuzungumza mambo hayo. Kitu chochote nje ya hapo, hata kama kinauma, ofisa hana mahali pa kukiweka.

Sababu zisizosaidia: bei ya nyumba yangu itashuka, tunajua tabia ya huyu mtu, hatutaki wapangaji wa aina fulani, yeye si wa hapa. Hizo zingine si kwamba hazisaidii tu, zinachafua barua ya mtaa mzima, na msomaji akikutana nayo moja anaacha kuamini zile zingine. Na kama shida yako ni kwamba ploti yenyewe ni yako ama mpaka umesogezwa, huo ni mgogoro wa umiliki, unaenda ofisi ya ardhi na Mahakama ya Mazingira na Ardhi, hapa hautatatuliwa.

Sababu zinazosaidia ni kama hizi:

- Maji taka: laini iliyopo ni ya nyumba chache na tayari inafurika, ama hakuna laini kabisa na watu wote wanatumia septik
- Maji: eneo lina mgao
- Barabara: upana hautoshi magari yatakayoongezeka, na gari la zimamoto halipiti
- Pakingi: nyumba ni nyingi kuliko nafasi za magari
- Urefu: ghorofa zinazidi zinazoruhusiwa kwenye zoni hiyo
- Mto au mkondo wa maji uko karibu
- Matumizi hayaendani na jirani yake, kama baa kando ya shule

Sasa angalia tofauti. Barua nyingi zinaandikwa hivi:

"Sisi wakaazi tunapinga vikali huu ujenzi kwa sababu utatuletea shida nyingi na serikali iingilie kati haraka."

Hakuna kitu hapo cha kujibu. Aya hiyo hiyo ingeandikwa hivi:

"Barabara inayoingia ploti hii ina lami ya upana wa mita 4.2, nimeipima mbele ya geti tarehe 6 Machi, picha nambari 3. Magari mawili hayapishani. Maombi yanataka nyumba 48 na ripoti haisemi barabara itapanuliwa vipi. Naomba ruhusa isitolewe kabla ya suala hili kujibiwa, na ikitolewa iwe na sharti la kupanua barabara kwanza."

Umeona hiyo sentensi ya mwisho. Usiombe tu kukataliwa. Omba kukataliwa, halafu useme kama itapitishwa ipitishwe na masharti gani, manake ruhusa inaweza kutolewa kwa masharti na wakati mwingine hicho ndicho kitu cha kweli mnachoweza kupata: ghorofa zipungue, laini mpya ya maji taka, mlango wa magari uhamie upande mwingine.

Mambo matatu ama manne yenye ushahidi yanatosha, ukurasa mmoja na nusu, halafu picha zenye nambari nyuma. Unaweza kuandika kwa Kiswahili. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema lugha rasmi ni Kiswahili na Kiingereza, kwa hivyo mzee asiyejua Kiingereza asiambiwe arudi na barua nyingine.

Mwisho wa barua ongeza mstari huu, watu wanausahau na ni muhimu sana: "Naomba kujulishwa uamuzi kwa maandishi mara tu utakapotolewa, kupitia anwani na simu iliyo hapa chini." Utaona kwa nini kwenye hatua ya 8.

## Hatua ya 6: Majirani na sahihi

Barua kumi tofauti zina uzito kuliko barua moja yenye sahihi hamsini, hasa kama kila mtu ameandika kinachomgusa. Mama wa nyumba ya pili anaandika kuhusu septik yake, mwenye duka la kona anaandika kuhusu malori. Barua kumi zilizonakiliwa neno kwa neno zitasomwa kama barua moja.

Kama lazima mfanye ya pamoja, juu ya kila karatasi ya sahihi andika kichwa kizima cha pingamizi na nambari ya ploti. Kila mtu aweke jina, nambari ya nyumba na sahihi yake mwenyewe.

Onyo: usimsainie mtu hata kama amekuruhusu kwa simu, usiweke jina la mtu aliyehama, na usizungushe karatasi tupu mkisema maneno yatajazwa baadaye. Jina moja la uongo likipatikana mwenye ploti atalitumia kuangusha orodha nzima.

## Hatua ya 7: Peleka na urudi na stempu

Chapisha kopi tatu. Moja ya ofisi, moja yako, moja ya akiba.

Nenda registri ya ofisi iliyotajwa kwa notisi, mpe karani kopi mbili, na usiondoke mpaka kopi yako igongwe stempu ya kupokelewa yenye tarehe. Wengine watakuambia acha tu hapo mezani tutagonga baadaye. Subiri, kwa upole, hata kama ni saa nzima. Barua isiyo na stempu ni neno lako dhidi ya lao.

Siku hiyo hiyo tuma pia kwa barua pepe ya ofisi kama ipo. Ukiwa mbali tumia barua ya rejista ya Posta na utunze risiti, ila itume mapema, ifike kabla siku hazijaisha.

Chapisha nakala zingine upeleke kwa kampuni ya maji ya eneo, ofisi inayosimamia barabara hiyo, afya ya umma na zimamoto. Kaunti inapopitia maombi huuliza ofisi kama hizi zitoe maoni, sasa kama mhandisi wa maji ameshasoma barua yako na kuona picha za mfereji uliofurika, anaandika maoni yake akijua hali ilivyo.

Umefaulu ikiwa una kopi yenye stempu, tarehe iko ndani ya siku 14, na umeipiga picha ukajitumia.

## Hatua ya 8: Usilale, fuatilia uamuzi

Baada ya hapo watu wanarudi nyumbani kungoja simu, na simu haiji.

Mambo mawili ya sheria yajue hapa. La kwanza, mwombaji akikaa siku 60 bila jibu la maandishi, sheria inachukulia kwamba amepewa ruhusa. Kaunti kunyamaza si ushindi wako. La pili, ukitaka kukata rufaa una siku 14 tangu siku ya uamuzi, sheria haijasema tangu siku uliposikia. Ndio maana ule mstari wa kuomba kujulishwa ni wa lazima, na ndio maana inafaa mtu mmoja wa mtaa apite ofisini kila wiki kuuliza, na aandike jibu kwa daftari.

Rufaa inaenda kwa kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango, jina lake kwa karatasi ni County Physical and Land Use Planning Liaison Committee. Haimhusu mwenye ploti peke yake, sheria imetaja pia mtu yeyote mwenye maslahi, na jirani yumo. Kamati inatakiwa kuamua ndani ya siku 14 tangu rufaa ifike. Usiporidhika unaenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na hapo tafuta wakili, msijaribu peke yenu. Kukimbilia mahakamani kabla ya kupitia kamati ni hatari, jaji anaweza kuwarudisha bila kusikiliza hata hoja moja.

Mradi mkubwa unahitaji pia leseni ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, na huo ni mlango tofauti wenye notisi yake na rufaa yake kwa baraza la rufaa za mazingira (National Environment Tribunal) ndani ya siku 60. Barua ya kaunti haihesabiki NEMA na ya NEMA haihesabiki kaunti.

## Wakianza kujenga bila ruhusa

Kujenga bila ruhusa ni kosa, faini ni hadi shilingi 500,000 ama kifungo cha hadi miezi miwili, ama vyote. Piga picha ya kila hatua yenye tarehe, andikia kaunti ukiomba watoe notisi ya kusimamisha, na uambatishe kopi yako yenye stempu. Usiingie saiti. Usikubali pesa ya kuondoa pingamizi hata ikiitwa fidia ya vumbi.

## Na notisi za kura?

Nimeweka hii hapa kwa sababu zoni za eneo zima zinaamuliwa kwenye mipango inayopitia bunge la kaunti, na anayekaa huko kwa niaba yako ni MCA, yaani mwakilishi wa wodi yako. Watu wanapigania ploti moja miaka halafu mpango wa wodi nzima unapita bila wao kujua.

Kosa la kura linafanana na lile la bango. Notisi ya uchaguzi mdogo wa wodi ikitoka watu wanakimbia kujiandikisha, na wanakuta wamechelewa, manake usajili hufungwa tangu kiti kinapotangazwa kuwa wazi hadi siku ya kura. Kwa hivyo fanya mapema, wakati hakuna kelele:

1. Nenda ofisi ya IEBC (tume ya uchaguzi) ya eneo bunge lako na kitambulisho halisi ama pasipoti, kopi haikubaliwi.
2. Kama ulijiandikisha kwingine, omba kuhamisha kituo. Usijiandikishe mara ya pili, hilo ni kosa la jinai.
3. Hakikisha jina, nambari ya kitambulisho na kituo viko sawa, na usahihishe hapo hapo kama kuna herufi imekosewa.
4. Siku ya kura beba ile ile hati uliyojiandikisha nayo. Aliyetumia pasipoti aje na pasipoti.

Uchaguzi mkuu ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na usajili utafungwa kabla ya hapo. Aliyehama mtaa na bado anapiga kura kijijini aamue sasa ni wodi gani anataka MCA wake ajibu simu, na kama ni hii anayoishi, aende na kitambulisho wiki hii.